Mama Foleni na Njia Moja ya Wasemaji Wengi

Ndugu, jamaa, majirani, wafanyakazi wenzake na wote mliofika kumsindikiza dada yetu, familia imempa kazi ya kuyasema maisha yake mdogo wake wa mwisho, ambaye ndiye huyu aliyesimama mbele yenu na karatasi mkononi, na imemwonya asitie chumvi, onyo ambalo amelipokea kwa heshima zote na atalifuata kadiri atakavyoweza, kwa sababu marehemu alikuwa mtu wa kupima maneno, na akisikia limeongezwa lisilokuwepo atakunja uso hata hapo alipolala.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1958, katika hospitali ya wazazi iliyokuwa nyuma ya soko kuu, akiwa mtoto wa tatu kati ya tisa wa baba dereva wa lori la maji na mama fundi cherehani, na alilelewa katika nyumba ya vyumba viwili ambamo cherehani ya mama ilikaa dirishani, nasi tukitoka shule tulimvamia mama wote kwa pamoja, huyu kachaniwa shati, yule kaibiwa kalamu, mwingine njaa inamuua, mama asisikie hata neno moja, akabaki kusema, "Jamani, jamani!" huku mguu ukiendelea kukanyaga. Dada yetu alikuwa akiketi chini ya meza ya kukatia vitambaa hadi kelele zipungue, kisha anasema sentensi moja na kupata jibu lake, na sisi tukanuna tukidai kwamba yeye ndiye mboni ya jicho la mama, kumbe wala, mtoto alikuwa amegundua tu kwamba wawili wakisema mara moja hakuna anayesikika.

Alianza shule ya msingi Januari 1965 na kumaliza Novemba 1971, kisha akajiunga na sekondari ya wasichana, shule ya bweni yenye ukuta wa mawe na bwalo lenye madirisha ya wavu, kuanzia mwaka 1972 hadi 1977, na huko ndiko alikopewa jina ambalo wengi wenu mlimjua nalo, kwani mwalimu wa zamu alimkuta amekaa pembeni akiikodolea macho foleni ya chakula badala ya kujipanga, akamuuliza anangoja nini, naye akajibu kwa adabu zote kwamba anataka kuona kama foleni hiyo itapungua yenyewe au la. Siku ile alikosa chakula na akapata jina, akaitwa Foleni, na alipozaa akawa Mama Foleni, na wajukuu wakaja kumalizia kwa Bibi Foleni.

Baada ya kufundisha hesabu kwa muda, aliingia chuo kikuu Septemba 1979, akapata shahada ya hisabati mwaka 1983 na ya pili mwaka 1985, na somo alilolipenda kuliko yote liliitwa minyororo ya Markov, jina ambalo msiliogope, maana mwenyewe alilieleza jikoni akiosha vyombo, kwamba ni hesabu ya kitu kinachokwenda hatua kwa hatua, ambacho hatua yake inayofuata hutegemea mahali kilipo sasa na wala hakikumbuki kilipopita jana. Akaongeza kwamba wapo wanaume wa namna hiyo, mama akacheka hadi kikombe kikamponyoka.

Tarehe 3 Machi 1986 aliajiriwa kuwa mtakwimu katika ofisi ya magari ya wagonjwa, ghorofa ya pili, chumba chenye feni moja iliyokuwa ikigonga waya wake, meza zilizojaa alama za vikombe vya chai, na ukutani mtambo wa rangi ya kijivu wenye taa mbili, ya kijani na nyekundu, pamoja na kirungu cheusi cha kuzungusha. Mtambo ule ulikuwa umebuniwa na fundi mkuu wa ofisi, kijana mrefu, nadhifu, mwenye kujiamini kuliko kawaida, ambaye yupo nasi hapa leo katika safu ya mbele na ndiye shemeji yetu mpendwa, na kwa kweli ulikuwa mtambo wa kujivunia, kwa sababu kila gari lilikuwa na kisanduku chenye vibonyezo, dereva akibonyeza, kituo kinajua kwamba amefika, au yuko huru, au amebeba mgonjwa mahututi na anahitaji njia.

Lakini magari yote yalitumia njia moja tu ya hewani, na magari mawili yakituma kwa wakati mmoja, ujumbe wote uliharibika na taa nyekundu ikawaka, kisha kila kisanduku kikajaribu tena kwa kubahatisha, kama mtu anayerusha sarafu ili ajue aseme sasa au angoje, na kile kirungu cheusi ndicho kilichoamua visanduku viwe na pupa kiasi gani, ukikizungusha kulia vinajaribu harakaharaka, kushoto vinavuta subira. Shemeji alikuwa amekiweka mahali pazuri, akakikaza, na kila mgeni aliyepita aliambiwa kwamba mtambo huu tangu uwashwe haujaanguka hata siku moja.

Mapenzi yao yalianzia hapo hapo kwenye feni mbovu, na sisi tulijua mambo yameiva dada alipoanza kumsifu mtu kwa upangaji wake wa nyaya, posa ikaletwa na kupokelewa, na harusi ikapangwa kuwa Jumamosi, tarehe 21 Novemba 1987, mama akakata kitambaa cha gauni miezi mingi kabla, maana alisema binti mwenye digrii mbili huchelewa kufanya uamuzi, kwa hiyo bora akute gauni liko tayari.

Katika kazi yake, marehemu aliutazama mtambo wa mchumba wake kama alivyoitazama foleni ya bwalo, akaona jambo lililomkosesha usingizi, kwamba wiki nyingi idadi ya ujumbe unaongoja ilikuwa ndogo na tulivu, ila mara mojamoja, bila sababu ya maana, ilianza kupanda, ikaendelea kupanda, halafu kila Ijumaa alasiri ikarudi kwenye sifuri. Alihangaika na Ijumaa hiyo mpaka siku moja alipoketi chumbani mchana kutwa na kumwona mama mfagiaji wa ofisi, mtu msafi kupindukia ambaye ofisi nzima ilimwita Dada Vumbi, akizima mtambo, akipitisha kitambaa nyuma yake kwa upole kama anayemfuta mtoto pua, kisha akauwasha, na visanduku vyote magarini, vikiwa vimepoteza ishara ya kituo kwa kitambo, vikajifuta na kuanza upya. Madereva waliita jambo hilo kikohozi cha Ijumaa, wakabonyeza tena na maisha yakaendelea, wala hakuna aliyewaza kwamba sifa zote za mtambo ule zilikuwa zikilindwa na kitambaa cha vumbi.

Naye mwenye mtambo hakujua, na hapa familia inaomba shemeji atuvumilie, kwa kuwa hakuwa mzembe, alikosea kama wanavyoweza kukosea mafundi hodari tu, aliupima mtambo wake wiki moja, kutoka Jumamosi hadi Ijumaa, akaupima tena wiki nyingine, kila mara ukafaulu, kwa sababu kila mara ulifutwa vumbi kabla haujapata nafasi ya kufeli.

Tarehe 1 Oktoba 1987 akaja mkurugenzi mpya, mtu wa amri, akapiga marufuku kuuzima mtambo wa dharura kwa sababu yoyote ile, na kwa macho ya kawaida ilikuwa amri ya busara, lakini dada yetu aliposikia alijua kwamba kikohozi cha Ijumaa kimekufa. Wanahisabati wa mbali walikuwa wamekwisha kuonyesha jambo hili kwenye karatasi, naye akalifanyia hesabu kwa magari yetu, kwamba visanduku vikibaki na pupa ileile hata wanaongoja wawe wangapi, basi ipo idadi ambayo ikipitwa tu, wanaongoja watagongana kuliko watakavyopita, wapya wataongezeka juu yao, na mnyororo, yaani idadi ya wanaongoja, utapanda bila kurudi, na kwa kuwa bahati huzunguka, idadi hiyo lazima siku moja ipitwe, hata kazi iwe ndogo namna gani, kilichofichika ni tarehe tu.

Alianza kwa kumwambia mchumba wake peke yake, kwenye benchi la nje ya ofisi, akitumaini watalirekebisha kimyakimya bila mtu kuaibika, na akampa dawa yake palepale, kwamba visanduku vifundishwe kusikiliza, vikisikia kugongana vizidishe subira, vikisikia kimya vichangamke, lakini shemeji alicheka, akamwambia, "Mpenzi, penye wengi hapaharibiki jambo," naye akajibu kwamba penye wengi wanaosema mara moja hakuna jambo linalosikika, na kicheko kikaisha hapo. Alirudi kumwomba mara ya pili na ya tatu, akapewa kisogo, na hapo akawa kati ya mambo mawili, akinyamaza, iko siku mgonjwa atafia njiani huku dereva anabonyeza, akisema, atamvua nguo mbele za watu mwanamume anayempenda, wiki mbili kabla ya harusi yake.

Alisema. Jumanne, tarehe 10 Novemba 1987, katika mkutano wa ofisi, alisimama akatetea hesabu yake ubaoni kwa sauti isiyotetemeka, na alipoulizwa na mkurugenzi ni lini basi mtambo huo utaanguka, akajibu kwamba tarehe haijui, lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja, wakubwa wakatazamana, mmoja akauliza kama bibi harusi ana hasira na bwana harusi, chumba kizima kikacheka, na hakuna kilichobadilishwa. Ijumaa iliyofuata shemeji alikuja nyumbani akiwa na kaka yake mkubwa, akakataa hata maji, akatangaza kwamba harusi inaahirishwa, kwa kuwa hawezi kusimama mbele ya watu na mwanamke aliyesema kazi ya mikono yake ni bomu, na alipoondoka mama akauliza kwa uchungu, "Mwanangu, si ungengoja uolewe kwanza, ndiyo useme?" naye akasema, "Mama, mgonjwa hangoji harusi," kisha akaingia chumbani akalia, tena alilia kwa sauti, na wanaomkumbuka kama mtu wa chuma wajue kwamba siku ile chuma kiliyeyuka.

Jumatano, tarehe 18 Novemba 1987, mvua ilianza kunyesha asubuhi, si ya kutisha, barabara chache zikafungwa, magari yakatuma ujumbe zaidi kidogo ya kawaida, na kidogo hicho kikatosha, kwani hadi alasiri taa nyekundu ilikuwa imewaka mfululizo na ya kijani imekufa kabisa. Shemeji, kwa kudhani visanduku vimezubaa, alikuwa amekizungusha kirungu kulia tangu asubuhi, na kila mambo yalipozidi kuharibika alikizungusha kulia tena, nacho kikazidi kuharibu, Dada Vumbi akililia kitambaa chake, mkurugenzi amesimama mbele ya swichi akiapa kwamba hakuna mtu atakayezima, na katika hilo alikuwa na haki, kwani kuzima saa ile kungefuta ujumbe wa wagonjwa waliokwama kwenye barabara zilizojaa maji, na madereva wao, wakihangaika na usukani na wagonjwa, hawakuwa na mkono wa kubonyezea tena.

Marehemu alipanda ngazi akiwa ameloa chapachapa, akasimama nyuma ya mtu aliyemvunjia harusi siku chache kabla, hakusema nilikwambia, hakusema unaona sasa, alisema neno moja tu, "Punguza." Shemeji akajibu bila kugeuka, "Watu wanakufa huko nje, wewe unaniambia nipunguze?" naye akasema, "Wanapiga kelele wote, punguza wasikike." Ndugu zangu, kwa fundi aliyezoea kwamba mtambo ukishindwa unaongezewa nguvu, kukizungusha kirungu kile kushoto ilikuwa sawa na kuambiwa afunge breki gari lipande mlima, lakini mkono wake ulikwenda, ukazungusha kushoto, ukasita, ukazungusha tena hadi karibu na mwisho, amri ikatoka hewani, kwa njia ya kituo isiyogombaniwa na magari, kwenda kwenye kila kisanduku, na taa nyekundu ikazimika.

Kilichofuata ni kimya, na wote waliokuwepo wamesema kwamba hawajawahi kuogopa kitu kama kimya kile, mkurugenzi akaanza kufoka kwamba sasa wameua kila kitu, ndipo taa ya kijani ikapepesa, gari moja limefika hospitalini, kikapita kimya kifupi, ikapepesa tena, gari jingine lina mama mwenye uchungu wa kuzaa na daraja mbele yake limefungwa, likaelekezwa njia ya juu, ikapepesa tena na tena, mmoja baada ya mmoja kama watu wanaotoka mlangoni kwa ustaarabu, hadi jioni foleni yote ikawa imekwisha, na wagonjwa wote waliokuwa magarini siku ile walifikishwa wakiwa hai. Shemeji alikaa sakafuni, akafunika uso kwa mikono, na dada yetu akaketi kando yake, nguo zikimchuruzika, wakakaa hivyo hadi Dada Vumbi alipokuja kupiga deki na kuwaamuru wasogee.

Wakaufanyia mtambo marekebisho wakiwa wawili, yeye na hesabu yake, shemeji na kifaa chake cha kulehemu, kila kisanduku kikajifunza kusikiliza njia kabla ya kujisukuma, na kikomo kikawekwa kwamba kazi isizidi theluthi moja na kidogo ya nafasi iliyopo, kwani zaidi ya hapo, alisema, hata subira ina mwisho wake, na mtambo huo ulitumika miaka mingi bila kukwama, ukifutwa vumbi ukiwa umewashwa. Ndoa ilifungwa Jumamosi, tarehe 16 Januari 1988, gauni likiwa lilelile, Dada Vumbi akikaa safu ya mbele kama mzazi wa tatu, na tangu siku hiyo hadi juzi shemeji aliendelea kudai kwamba, kwa kweli, alikuwa karibu kukizungusha kushoto yeye mwenyewe, dai ambalo marehemu alilisikia kila sikukuu na kulijibu kwa kumwongezea chai.

Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza binti, tarehe 2 Desemba 1988, ambaye leo ni muuguzi, wa pili mvulana, tarehe 27 Julai 1991, fundi kama baba yake na mbishi kama baba yake, na wa tatu binti, tarehe 11 Mei 1995, mwalimu, na wajukuu watano, na nyumba yao ilikuwa ya kelele kuliko ile ya cherehani, ila ilikuwa na sheria moja isiyojulikana na wageni, kwamba mama akiinua vidole na kuvizungusha kushoto, kila mtu anashusha sauti na kungoja, na akivizungusha kulia, maana yake njia iko wazi, mwenye neno aseme. Shemeji naye alitii, tena alitii upesi kuliko watoto.

Mwaka 1994 alihamia chuoni kufundisha, akafundisha hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2018, na wanafunzi wake walioko hapa wanaikumbuka kauli aliyofungulia kila muhula, kwamba kitu kutoanguka mpaka leo si ushahidi kwamba kimesimama imara, ulizeni kwanza nani anakifuta vumbi.

Tarehe 6 Juni 2023 alipatwa na kiharusi akiwa bustanini kwake, kikamwachia akili yake yote na kumnyang'anya ulimi na upande wa kushoto wa mwili, na kwa mtu aliyepima maneno maisha yake yote lilikuwa pigo zito, lakini mkono wa kulia ulibaki, na kwa mkono huo aliendelea kuitawala familia, madaktari wakibishana juu ya kitanda chake vidole vinakwenda kushoto, daktari bingwa na hadhi yake ananyamaza, na binti yake muuguzi ndiye aliyekuwa akitoa maelezo huku akijizuia kucheka. Alitibiwa hospitalini, akarudi nyumbani Septemba, akazidiwa mwezi Machi, na akalazwa tena tarehe 15 Aprili 2024.

Jumatatu, tarehe 22 Aprili 2024, asubuhi, madaktari walituita wote chumbani, mume, watoto, sisi ndugu, na kwa mara ya kwanza tangu familia hii iwepo duniani hakuna aliyesema, kwa sababu kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza kuaga, kila mmoja alimtegea mwenzake, tukasimama kwenye kuta nne. Marehemu akafumbua macho, akatupitia mmoja mmoja, akainua mkono wa kulia kwa taabu, na vidole vyake vikazunguka polepole kwenda kulia. Njia iko wazi, mwenye neno aseme.

Ndipo shemeji akainama, akasema kwa sauti ambayo wote tuliisikia, "Mama Foleni, asante kwa kuniharibia harusi ile ya kwanza," na upande wa uso wa marehemu uliokuwa bado na nguvu ukacheka, kisha watoto wakasema, kutoka mkubwa hadi mdogo, kisha sisi ndugu zake, hakuna aliyemkatiza mwenzake, na kila aliyesema aliona macho yake yamepokea, na mdogo wake wa mwisho aliposema lake, ambalo halimo katika karatasi hizi, foleni ikawa imekwisha, naye akafumba macho na kufariki dunia, saa nne na robo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wadi ya pili, waliokubali kunyamazishwa na mgonjwa wao, inawashukuru majirani walioleta viti, maji na mabega ya kulilia, inawashukuru walimu na wanafunzi wa chuo, na inaishukuru kwa namna ya pekee ofisi ya magari ya wagonjwa, ambayo madereva wake wa zamani na wa sasa wameegesha magari nje ya lango hili bila kuambiwa na mtu, pamoja na Dada Vumbi, ambaye amefika kwa mkongojo na ameshalifuta jeneza mara mbili.

Dada, wote tumesema na wote umetusikia, hakuna aliyebaki anangoja. Pumzika kwa amani, Mama Foleni, njia iko wazi.